Kondoo wa Riggside Kwenye Eneo Letu

Skelgarth, chini ya Mlima Scarth
19 Aprili 1947

Mpendwa Baba,

Natumaini barua hii itakukuta ukikohoa kidogo kuliko tulipokuja kukuona. Mama anasema nisikuchoshe, kwa hiyo nitaandika mambo mazuri tu.

Shule imekwisha. Mwalimu mkuu alinipa mkono mbele ya wote, nikaona haya hata nikasahau kusema asante. Nilikumbuka nilipofika kwenye daraja, nikaisema peke yangu. Sasa niko nyumbani moja kwa moja. Nakamua ng'ombe wote wawili, na mbwa wetu Nip ameanza kunitii ingawa mluzi wangu ni dhaifu. Nikikosea hugeuka kuniangalia kama anayeuliza, "Una hakika?"

Theluji ya mwisho iko tu kwenye mifereji ya upande wa kaskazini. Mto ulipofurika ulichukua daraja la mbao, lakini la mawe limesimama. Mama amepanda mboga karibu na choo, imeota vizuri. Tumepata sukari ya mgao wa mwezi huu, na Mama amekuwekea nusu.

Kondoo hawajambo.

Mwanao,
Tamar


Hospitali ya Kifua, Wodi ya Mashariki
26 Aprili 1947

Tamar binti yangu,

Nimesoma barua yako mara tatu, kwa kuwa hapa hakuna kazi nyingine. Wanafungua madirisha mchana kutwa ili tupate hewa, kana kwamba mimi nimeishi maisha yangu ndani ya kabati.

Umeniandikia kurasa mbili. Ng'ombe wamepata mstari, mbwa amepata mitatu, mboga imepata wake. Kondoo wamepata maneno mawili. Wewe ni mtoto uliyewahi kuniandikia ukurasa mzima juu ya kondoo mmoja mwenye kwato mbovu.

Niliondoka Januari nikiwaacha majike mia na tisini mlimani. Wiki iliyofuata theluji ilianza, ikadumu mpaka Machi. Mama yako alipokuja alisema tumepoteza "kama arobaini", akaanza kunikunjia blanketi ambalo halikuhitaji kukunjwa.

Wangapi wamebaki? Niandikie namba. Sitakufa kwa namba.

Baba yako,
Wilfred Dargue


Skelgarth
4 Mei 1947

Mpendwa Baba,

Thelathini na mmoja.

Mama hajui kwamba nakuambia. Alinikataza, na sijawahi kumvunjia amri kabla ya leo, kwa hiyo tafadhali usinitaje. Upepo ulitoka mashariki, ukalundika theluji upande wetu mpaka juu ya kuta. Tulichimba kwa koleo siku kumi na mbili. Wengine tuliwakuta wamekufa wamesimama, wamekula manyoya ya wenzao. Samahani, sikutaka kuandika hilo.

Kuna jambo jingine. Kondoo wa Bi. Keziah Mounsey, jirani yetu wa Riggside, wako kwenye eneo letu. Sisemi wawili watatu waliopotea njia. Ni majike arobaini hivi, wote wana mimba, wote wana sikio la kulia lililopasuliwa na rangi ya buluu mgongoni, alama za Riggside. Wanalala hasa pale chini ya Jiwe la Kunguru, kondoo wetu wanapozalia. Nilidhani wamevuka wenyewe kwa kuwa eneo lilikuwa tupu. Lakini jana asubuhi nilikuwa nyuma ya ukuta nikamwona Bi. Keziah mwenyewe, amevaa koti la marehemu mumewe, akiwapandisha na mbwa wake kuwaleta kwetu. Mmoja alipotaka kurudi kwao, alimzuia.

Nilitaka kutoka nimuulize. Nilikuwa na sentensi tayari. Lakini alipogeuka upande wangu nilichuchumaa mpaka akaondoka, na maji ya matope yakaingia kwenye viatu.

Mama nilipomwambia alisema, "Mlima ni mkubwa, Tamar. Kanda mkate."

Mwanao,
Tamar


Hospitali ya Kifua
10 Mei 1947

Tamar,

Thelathini na mmoja. Nimeiandika kwenye karatasi nikaiweka chini ya mto, na muuguzi anadhani ni sala.

Umefanya vizuri kuniambia. Sasa nisikilize, kwa sababu wewe ndiye macho yangu.

Kule juu hakuna ukuta wala uzio kati yetu na Riggside. Kinachomweka kondoo wetu kwenye eneo letu ni kwamba mama yake alimzalia pale na bibi yake alimzalia mama pale, tangu kabla ya babu yangu. Huwezi kununua jambo hilo sokoni. Ukileta kondoo wageni wataondoka siku hiyo hiyo, isipokuwa mtu awachunge kila siku kwa majira mazima, na wazalie hapo. Basi tazama anachofanya. Anawachunga kila siku, na amewaleta wazalie hapo. Kufikia vuli wanakondoo wake watajua Jiwe la Kunguru kama nyumbani, na wetu thelathini na mmoja watasukumwa pembeni. Wakala wa mwenye shamba atakuja Oktoba, kama kila mwaka, kuona kilichopo mlimani. Akikuta eneo la Skelgarth limejaa alama za Riggside, atasema hapa hapahitaji wapangaji wawili. Na mpangaji mwenyewe yuko kitandani anahesabu mawingu.

Keziah Mounsey si mgeni kwangu. Mwaka 1936, kwenye Mkutano wa Wachungaji, pale kila mtu anaporudisha kondoo wa jirani waliopotea, alisimama akasema jike mmoja kati ya wangu ni wake. Nilimwita mwizi mbele ya mlima mzima. Tangu siku hiyo hatujasalimiana.

Mchunguze. Niandikie kila unachoona. Mama yako usimuulize chochote.

Baba yako


Skelgarth
22 Juni 1947

Mpendwa Baba,

Nimechelewa kwa sababu nilitaka kuwa na hakika, na kila nikipata hakika inapotea.

Kwanza, Mama. Tarehe tano nilirudi kutoka kisimani nikamkuta ameegemea lango la shamba anaongea na Bi. Keziah. Waliongea kama watu wanaoongea kila siku. Nilisikia Bi. Keziah akisema, "Na huyo msichana je?" Mama akasema, "Hapana, yeye ana uso unaosema kabla ya mdomo." Waliponiona walinyamaza. Bi. Keziah akanitazama juu mpaka chini akasema, "Umerefuka. Unakula mawe?" Nikasema "Ndiyo, Bi. Keziah," na mpaka leo nataka kujificha nikikumbuka.

Pili, Jumanne iliyofuata Mama alinituma kijijini nikanunue sukari. Baba, karatasi za mgao wa sukari za mwezi zilikuwa zimekwisha, na Mama ndiye aliyezitumia. Nilimwambia. Akasema, "Nenda tu, huenda watakuonea huruma." Niliporudi na kikapu kitupu, mikono ya Mama ilikuwa na damu kidogo kwenye kucha. Alisema amechinja kuku. Nilihesabu kuku. Wote wapo.

Tatu ndiyo iliyoniogopesha. Jana nilipanda mpaka chini ya Jiwe la Kunguru. Majike wa Riggside wamezaa, wanakondoo arobaini na mmoja, wazuri, wenye nyuso nyeupe. Mama zao wana sikio la kulia lililopasuliwa, kama kawaida. Lakini wanakondoo wamekatwa ncha ya sikio la kushoto na kutiwa rangi nyekundu begani.

Ni alama yetu, Baba. Nilirudi nikafungua kitabu cha alama kana kwamba siijui. Wana alama yetu na wananyonya kwa kondoo wake.

Mwanakondoo hupata alama ya mama yake. Hata mtoto wa darasa la kwanza hapa anajua. Sasa kwa nini?

Mwanao,
Tamar


Hospitali ya Kifua
29 Juni 1947

Tamar,

Nimekohoa usiku na mchana tangu barua yako ifike, lakini kichwa changu ni kizima.

Fikiri kama watakavyofikiri watu. Julai tarehe kumi na tisa ni Mkutano. Watu kumi na wanne watashusha kondoo wao na kutazama masikio. Watakuta wanakondoo arobaini na mmoja wenye alama ya Dargue wakikimbilia maziwa ya Mounsey. Watasema nini? Kwamba Wilfred Dargue aliyepoteza karibu kondoo wake wote, amemtuma bintiye akakate masikio ya wanakondoo wa mjane. Mtu akishashikwa na hilo hapati shamba tena mahali popote kwenye milima hii. Hapati hata kazi ya kuchunga.

Miaka kumi na moja amengoja kuniita jina nililomwita. Ameniandalia uwanja mzima.

Kuhusu mama yako, sitaki kuandika ninachofikiria. Labda amechoka. Labda ameahidiwa nyumba ndogo chini kijijini, yenye maji ya bomba. Simlaumu, ila asiniuze nikiwa nimelala.

Kabla ya Mkutano mchukue Nip, uwaondoe wote, mama na watoto, uwashushe mpaka uwanja wa ndani wa Riggside. Funga lango la mlima kwa waya. Wasionekane kwenye eneo letu hata mmoja. Usingoje ruhusa ya mtu.

Wewe ni mpole, najua. Kondoo hawajali.

Baba yako


Skelgarth
18 Julai 1947

Mpendwa Baba,

Nimefanya.

Jumatano asubuhi Mama alikwenda mnadani na siagi. Ukungu ulikuwa chini lakini Nip aliwakusanya kwa saa mbili. Majike hawakutaka kwenda, kisha walipofika mahali unapoanza kuuona moshi wa Riggside wakataka mno, wakakimbia, na watoto hawakuweza kuwafuata. Kwenye kijito watatu walitenganishwa na mama zao. Wawili niliwabeba. Wa tatu maji yalimchukua kabla sijavua viatu.

Nilifunga lango kwa waya, mizunguko sita. Bi. Keziah alitoka jikoni na unga mikononi. Hakupiga kelele. Alisema, "Wewe, Tamar, nani amekutuma?" Nikarudi nyuma hatua mbili. Akasema tena, taratibu, "Nani amekutuma, mwanangu?" Nikakimbia. Nilikimbia mpaka nyumbani, Baba, kama mwizi.

Mama aliporudi nilimwambia wanakondoo wa Riggside nimewarudisha. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni bila kuvua kofia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Umewatoa wote?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mungu wangu, Tamar."

Kesho ni Mkutano. Nimetii ulivyosema. Kwa nini sijisikii kama mtu aliyetii?

Tamar


Riggside
21 Julai 1947

Bwana Dargue,

Kwa miaka kumi na moja sijakuandikia na sijapungukiwa na kitu. Leo naandika kwa sababu mkeo analia na bintiyo hali chakula, na mimi nina kondoo walioharibiwa.

Mkutano umepita. Hakuna aliyekutaja ila waliouliza kifua chako kinaendeleaje. Pole kama ulitarajia makubwa.

Machi, theluji ilipoondoka, mkeo alikuja kwangu na viatu vilivyolowa akasema eneo lenu ni tupu. Nilikuwa nimeliona. Nilishusha wangu siku moja kabla ya dhoruba kwa sababu goti langu liliniambia, sina sifa nyingine. Kumpa mkeo wanakondoo mkononi kusingefaa kitu, wewe unajua kuliko wengi. Wangekaa siku mbili wangepotea. Kwa hiyo nikamwazima majike arobaini kabla hawajazaa, wazalie chini ya Jiwe la Kunguru, wawalelee watoto pale mpaka vuli, kisha majike warudi kwangu na watoto wabaki. Wana alama yako kwa sababu ni wako. Mimi nilikata, mkeo alishika. Kila asubuhi tangu Aprili nimepanda kuwazuia majike wasirudi nyumbani, na goti lile lile.

Usifikiri nakupenda. Eneo lako likibaki tupu, kondoo wangu watasambaa mpaka huko, na wa shamba la Pike watasambaa mpaka kwangu, na baada ya miaka mitatu hakuna kondoo mlimani atakayejua kwao. Mlima huu unashikana hivyo. Nilifanya kwa ajili ya Riggside.

Nilimwambia mkeo usijue kwa sababu ungekataa. Ungekataa, Wilfred. Na nilisema msichana asijue kwa sababu anakuandikia kila mara na hajui kuficha. Sasa naona alijua kuona, ila aliyemfundisha kusoma alichokiona ni wewe.

Majike waliruka ukuta usiku ule wakarudi kwenye eneo lao la zamani la Riggside, na watoto nyuma yao. Itanichukua wiki mbili kuwatoa tena. Wiki mbili za Julai, ambazo ndizo mwanakondoo anaacha kutazama mama na kuanza kutazama mlima. Sijui kama zitarudi.

Keziah Mounsey


Hospitali ya Kifua
28 Julai 1947

Bi. Mounsey,

Nimeandika barua hii mara nne na kuchana tatu.

Yule jike wa 1936 alikuwa wako. Sikujua siku ya Mkutano. Nilijua Novemba, alipokufa nikamchuna, na chini ya manyoya nikaona mpasuko wa zamani kwenye sikio la kulia, umeziba. Nilizika sikio lile nyuma ya banda. Kila nilipokuona barabarani baadaye nilikasirika, na nilidhani nimekukasirikia wewe.

Mtu akishamdhulumu jirani hulala akingoja jirani alipize. Ndivyo nilivyomfundisha mtoto wangu akutazame. Hatia ya wanakondoo wale na yule aliyekufa kijitoni ni yangu, si yake.

Ukitaka kuisoma barua hii mbele ya watu kwenye Mkutano ujao, ule wa Novemba, isome.

Wanasema huenda nikatoka kabla ya Krismasi. Kama bado nina mahali pa kurudi.

Wilfred Dargue


Skelgarth
12 Oktoba 1947

Mpendwa Baba,

Najua Mama amekuandikia kwamba mambo ni mazuri. Mimi nitakuandikia yalivyokuwa.

Tangu Agosti nimepanda kila asubuhi na Bi. Keziah. Wiki ya kwanza sikusema neno. Yeye aliongea na mbwa: "Moss, mwambie huyu dada asitembee mbele ya kondoo." "Moss, mwulize kama ana mkate." Wiki ya pili nilimwomba radhi. Nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi nikaisoma. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Imeandikwa vizuri. Sasa nenda kushoto, wanatoka." Nilimuuliza barua yako ilisema nini. Akasema una mwandiko mbaya.

Jana ilikuwa siku ya kuwatenganisha. Majike walifungiwa bandani Riggside, wakilia mpaka huwezi kusikia mtu. Wanakondoo arobaini tuliwaleta kwenye lango la mlima peke yao, bila mama, bila mbwa. Bwana Pennock, wakala wa mwenye shamba, alikuja na gari lake, amefunga skafu mpaka puani. Kulia ni njia ya Jiwe la Kunguru. Kushoto ni eneo la Riggside.

"Usiwasemeshe," Bi. Keziah aliniambia. "Usipige hata mluzi. Tukiwaongoza tutakuwa tumejidanganya."

Nilifungua lango. Walisimama pale, Baba, muda mrefu kuliko ninavyoweza kuandika. Kisha mmoja akaenda kulia, anakula anakwenda, kama asiye na haraka, na wengine nyuma yake wakapanda. Nilidhani ni wote. Halafu kundi la pili likainua vichwa, likasikia mama zao kule bandani, likageuka kushoto.

Ishirini na wanne walikwenda kwetu. Kumi na sita walikwenda Riggside.

Bi. Keziah alihesabu kwa midomo. Akasema, "Kumi na sita. Ndizo wiki zetu mbili hizo." Hakusema kwa ukali, na ningependa angesema kwa ukali.

Bwana Pennock akasema, "Kwa hiyo kwenye eneo la Skelgarth kuna hamsini na watano. Palikuwa na mia na tisini." Akafungua daftari. Bi. Keziah akanitazama mimi.

Nikasema, "Bwana, kumi na sita wale hawana kosa. Niliwatoa mimi mwezi wa Julai, kwa mikono yangu, kwa sababu niliamini jambo baya juu ya jirani yangu bila kumuuliza. Nitawarudisha. Nitakuwa nao kila siku mpaka theluji na baada ya theluji. Wakiwa bado kwetu Aprili, utajua."

Alinitazama juu ya skafu. "Una miaka mingapi?"

"Kumi na tano."

"Na baba yako?"

"Anapona."

"Hilo silo nililouliza," akasema, akaandika kitu. Kisha akasema atarudi Mei, si Oktoba, na kwamba kabla ya hapo hatazungumza na mtu mwingine juu ya shamba. Basi. Ni miezi saba, Baba. Sijui kama ni huruma au ni kutujaribu. Bi. Keziah anasema watu wa namna yake hawajui wenyewe mpaka wafike ofisini.

Leo asubuhi tulianza na wale kumi na sita. Tulipofika juu, Bi. Keziah akasimama, akalitazama eneo letu lote, upande mpaka upande. Na nitakuambia ukweli: baada ya yote haya, kitu ndani yangu kilishtuka, kikasema, anataka nini?

Nikamuuliza. "Bi. Keziah, unatazama nini?"

Akasema, "Mvua. Inakuja kutoka upande wenu. Funga koti, twende."

Mwanao,
Tamar